Nikiuliza maswali kuhusu Biblia, nimepungukiwa imani? Jibu kwa binti muuguzi

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mi ni muuguzi, nina miaka 27, nimeokoka tangu kidato cha pili na naimba kwaya. Wiki mbili zilizopita kwenye somo la Biblia la Jumatano niliuliza kwanini Mathayo anasema Yuda alijinyonga halafu kitabu cha Matendo kinasema alianguka akapasuka. Kiongozi akaniambia mbele ya wote kwamba nina roho ya udadisi, imani inaanza pale akili inapoishia, na andiko huua. Kaka yangu alikuwa anauliza maswali hivi hivi, alipofika chuo akaacha kanisa kabisa, mama analia mpaka leo, kwahiyo naogopa na mimi nisije nikaishia huko. Lakini kazini naona wagonjwa wanaacha dawa kwasababu wameambiwa waamini tu. Je, ni dhambi mkristo kutumia akili? Na mpaka uko wapi?"

Marahaba binti yangu. Pole kwanza kwa ile aibu, kuaibishwa mbele za watu kwenye kitu unachokipenda kunauma sana. Nimelisoma swali lako mara tatu kabla sijaanza kuandika maana ndani yake yapo mambo manne, kuna Yuda, kuna mistari uliyopigwa nayo, kuna kaka yako na kuna wale wagonjwa, na yote nataka niyajibu. Nafundisha Agano Jipya chuo cha Biblia mwaka wa 19 huu na hilo swali la Yuda naulizwa karibu kila mwaka, na wanaoniuliza siku zote ni wale walioisoma Biblia yenyewe, maana mtu ambaye hajaisoma hawezi hata kugundua kwamba Mathayo na Luka, aliyeandika Matendo, wanasimulia tofauti. Kwahiyo we jua hivyo kwanza, ulichokifanya Jumatano ile ni kusoma Neno la Mungu kwa makini.

Sasa jibu lenyewe. Sio dhambi. Tena ni amri, na sio amri ndogo ndogo za pembeni, ni ile kubwa kuliko zote. Yesu alipoulizwa amri iliyo kuu ni ipi alisema mpende Bwana Mungu wako kwa moyo wako wote na kwa roho yako yote na kwa akili zako zote, Mathayo 22:37. Ukirudi kwenye Kumbukumbu la Torati 6:5 alikoitoa utakuta moyo, roho na nguvu, akili haijatajwa kwa jina. Watu wengine wanasema basi Yesu kaongeza. Mi naona hajaongeza kitu, kwa Waebrania moyo ndio mahali pa kufikiria, mtu anawaza kwa moyo na anapanga kwa moyo, na sisi Waswahili hili hatuhitaji kufundishwa maana mpaka leo tunasema "nikasema moyoni mwangu" wakati tulikuwa tunafikiri. Injili zilipoandikwa kwa Kigiriki ikabidi akili itajwe wazi ili msomaji asije akadhani kumpenda Mungu ni hisia peke yake. Na ukisoma Marko 12 utaona yule mwandishi aliyemuuliza Yesu akaendelea kujibizana naye vizuri, na imeandikwa Yesu alipoona amejibu kwa busara akamwambia wewe hu mbali na ufalme wa Mungu. Yaani mtu kauliza, kasikiliza, kapima jibu, kajibu kwa akili, na Bwana kamsogeza karibu.

Hiyo sentensi ya "imani inaanza pale akili inapoishia" tafuta Mwanzo mpaka Ufunuo, hutaikuta. Inasikika vizuri kwenye maiki ndio maana imeenea. Wanaoipenda huwa wanamtaja Ibrahimu, eti yeye hakufikiri, aliamini tu akapanda mlimani na Isaka. Lakini Waebrania 11:19 inasema Ibrahimu alimtoa Isaka "akihesabu ya kuwa Mungu aweza kumfufua". Akihesabu! Neno la Kigiriki lililopo pale ni neno la mtu anayepiga hesabu, anayefikia uamuzi kwa kupima mambo. Mzee alikaa chini akasema Mungu huyu ameniahidi uzao kupitia Isaka, Mungu huyu hasemi uongo, nimeona alivyonipa mtoto nikiwa mzee, basi hata nikimtoa anaweza kumrudisha. Hiyo ni hoja kabisa, ina mwanzo na ina mwisho. Na kwenye Warumi 4:19 Paulo anasema Ibrahimu bila kuwa dhaifu wa imani alifikiri hali ya mwili wake uliokuwa umekwisha kufa, umri kama miaka mia, na tumbo la Sara. Wewe muuguzi unaelewa hiyo ni nini, huyo mtu aliangalia hali halisi ya mgonjwa bila kujidanganya halafu akaamini, hakufumba macho ili aweze kuamini.

Tuje kwenye mistari mingine, maana najua haitakuwa mara ya mwisho kupigwa nayo. "Andiko huua, bali roho huhuisha" ni 2 Wakorintho 3:6. Soma kuanzia mstari wa 3 mpaka wa 8, utaona Paulo anaongelea vibao vya mawe vya Musa na agano jipya linaloandikwa mioyoni, anasema sheria iliyochorwa kwenye jiwe inamhukumu mtu lakini haimpi uwezo wa kuishi. Haongelei kusoma shule wala kusoma Biblia kwa makini, na angewezaje wakati hayo maneno yenyewe kayaandika kwenye barua ili watu wayasome? Huyu huyu Paulo yuko kifungoni anajua anakaribia kuuawa, anamwandikia Timotheo njoo kabla ya wakati wa baridi, niletee lile joho nililoliacha Troa, na vile vitabu, hasa vile vya ngozi. Mimi huo mstari, 2 Timotheo 4:13, kila nikiusoma unanigusa. Mtu amebakiza siku chache duniani, ana baridi, na bado anataka vitabu vyake.

Mithali 3:5 nayo, usizitegemee akili zako mwenyewe. Angalia kitenzi. Kutegemea ni kuegemea, kama unavyoegemea fimbo, uzito wako wote unauweka pale. Suleimani anakataza kuegemea, hakatazi kutumia, na ushahidi upo ukurasa huo huo maana sura ya 2 mstari wa 3 na 4 anakwambia upaze sauti upate ufahamu, uutafute kama fedha na kama hazina iliyositirika. Mtu anayetafuta hazina anachimba, anatoka jasho. Halafu 14:15 anasema mjinga huamini kila neno. Kwahiyo mwandishi wa kitabu kile kile anayetuambia tusizitegemee akili zetu anamwita mjinga mtu anayemeza kila anachoambiwa, na hayo mawili hayagongani hata kidogo, yote mawili yanapiga kiburi, cha mtu anayejiona anajua na cha mtu aliyekataa kujifunza.

Hapa ndipo ninapotaka unisikie vizuri kuliko sehemu nyingine yote, maana ndio jambo lililonifanya nikujibu kwa urefu hivi. Akili haizimwi. Mtu akikwambia usitumie akili, tumia imani, kinachotokea sio kwamba wewe sasa unamtegemea Mungu moja kwa moja bila akili ya mwanadamu katikati, kinachotokea ni kwamba umeacha kutumia akili yako na umeanza kutumia ya kwake. Yeye ndiye kaamua mstari upi usomwe na upi urukwe, yeye kaamua unamaanisha nini, yeye kaamua utoe kiasi gani, ufunge siku ngapi, umwache nani. Akili imefanya kazi hapo, tena kazi nyingi, ila sio ya kwako. Ndio maana mitume hawakuwahi kusema hivyo. Yohana anasema msiiamini kila roho bali zijaribuni. Paulo anasema jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema. Na watu wa Beroya walipomsikia Paulo mwenyewe, mtume, hawakupiga makofi tu wakaenda nyumbani, waliyachunguza maandiko kila siku waone kama anayoyasema ndivyo yalivyo, na Luka hawaiti wadadisi, anawaita waungwana, Matendo 17:11. Kama mtume alichunguzwa na Luka akawasifia waliomchunguza, kiongozi wa Jumatano ni nani asiulizwe?

Na sisemi haya kama mambo ya darasani. Tarehe 1 Februari 2020 pale Moshi watu 20 walikufa kwenye kukanyagana, walikuwa wanakimbilia kukanyaga mafuta ya upako uwanjani. Mwaka 2023 msitu wa Shakahola kule Kilifi, Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, watu wazima na watoto, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa baada ya kuambiwa wafunge mpaka wakutane na Yesu. Hawa walikuwa watu waliompenda Mungu, wengine waliuza mali zao wakaenda. Naomba mtu yeyote asiwacheke. Walichonyimwa ni kile tu ambacho watu wa Beroya walikuwa nacho, ruhusa ya kufungua kitabu na kusema subiri kwanza tuone.

Mimi mwenyewe nilifundishwa hili kwa njia ya kuumiza kidogo. Nikiwa kijana mhubiri nilisimama mbele ya wanafunzi wanaojiandaa na mtihani nikawahubiria Wafilipi 4:13, nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu, nikawaambia hakuna atakayefeli. Baada ya ibada mzee mmoja wa kanisa alinishika mkono akanipeleka pembeni akaniuliza kwa upole, mwanangu Paulo alikuwa wapi alipoandika hayo? Sikujua. Akaniambia alikuwa kifungoni, hebu soma mstari wa 11 na 12. Nikasoma, nikakuta anaongelea kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa, kwamba amejifunza kuwa radhi na hali yoyote. Mstari wenyewe haukuwa ahadi ya kufaulu, ulikuwa ushuhuda wa mtu anayeweza kubeba hata kushindwa. Matokeo yalipotoka walikuwepo waliofeli, na mmoja alinijia akaniuliza kama tatizo lilikuwa ni imani yake. Sijawahi kusahau uso wake. Yule mzee alikuwa amesoma mpaka darasa la nne.

Kwahiyo usije ukadhani kutumia akili ni mambo ya wenye digrii. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na Mungu anaidai hiyo hiyo aliyokupa.

Haya, Yuda. Mathayo 27 inasema alirudisha vile vipande 30 vya fedha, akaenda akajinyonga, makuhani wakanunua konde la mfinyanzi kwa hizo hela maana ni kima cha damu haziwezi kuingia hazina ya hekalu, likaitwa konde la damu. Matendo 1:18-19 Petro anasema Yuda alinunua konde kwa ijara ya udhalimu, akaanguka, akapasuka, matumbo yakatoka, na konde likaitwa Akeldama, konde la damu. Ona tofauti ziko tatu, sio moja uliyoiona tu. Alikufaje, nani alinunua konde, na kwanini linaitwa la damu. Sikufichi chochote hapo.

Kuna jibu la zamani sana ambalo walimu wa kanisa wamelitoa kwa karne nyingi, kwamba alijinyonga, kamba au tawi likakatika, au mwili ukakaa mpaka ukaanguka, ukapasuka. Inawezekana, na wewe uliyefanya kazi wodini na unajua mwili unavyoharibika kwenye joto hutaona ni ajabu. Kuhusu konde, hela zilikuwa za Yuda na makuhani walizikataa, kwahiyo ununuzi unaweza kuhesabiwa ni wake ingawa mkono uliolipa ni wa wengine. Hilo ni jibu la heshima, mtu akilishika simlaumu.

Ila mimi napenda kuanza kwa kuuliza kila mmoja anataka nini kwenye simulizi yake. We fikiria mgonjwa aliyeletwa na ajali ya pikipiki akafia wodini. Muuguzi wa zamu ya usiku ataandika alipoteza damu nyingi, presha ikashuka, akafariki saa tisa. Ndugu kijijini wataambiana bodaboda imemuua. Askari ataandika dereva wa lori alihama njia. Wote wameongea kweli na hakuna aliyeongea yote, kwasababu kila mmoja anajibu swali lake. Mathayo anafuatilia zile hela, vipande 30 na mfinyanzi, anataka uone manabii, Zekaria 11 ambako vipo vipande 30 na mfinyanzi, na Yeremia ambako yapo mambo ya nyumba ya mfinyanzi na kununua konde, na jina analolitaja ni la Yeremia (hili nalo wanafunzi huuliza, na ni swali zuri). Luka anaandika hotuba ya Petro ambaye shida yake ni nafasi iliyoachwa wazi kati ya wale kumi na wawili, anataka kuonyesha jinsi mwenzao alivyoishia vibaya, halafu anafungua Zaburi ya 69 na ya 109 ili wachague mwingine. Wote wawili wanakubaliana aliyesaliti alikufa vibaya, hela ya usaliti ilinunua konde, na watu wa Yerusalemu walilijua hilo konde kwa jina la damu. Mshono kati ya hizo simulizi mbili upo, mi nauona, na siwezi kukuambia nimeufuta. Kanisa la kwanza lilizisoma zote mbili, likaziweka kwenye kitabu kimoja bila kurekebisha moja ifanane na nyingine. Kwangu hiyo inanipa imani zaidi na kitabu chenyewe, sio pungufu. Hawakuogopa binti wa miaka 27 aje aulize.

Na kuna kitu cha historia yetu wenyewe ambacho natamani kila kiongozi wa vijana angekijua. Injili ilipofika Buganda mwaka 1877 na 1879 unajua wakristo wa kwanza waliitwaje na majirani zao? Abasomi. Wasomaji. Na kwa Wakikuyu nako waliitwa athomi, hilo hilo, watu wanaosoma. Kuwa mkristo na kusoma lilikuwa neno moja. Tena kule Buganda mwanzoni kabla Kiganda hakijawa na maandiko yake walikuwa wanasomea Injili za Kiswahili zilizotafsiriwa Unguja chini ya Askofu Edward Steere. Vijana wa ikulu wale walikuwa wanajificha na karatasi wasome, na baadhi yao ni hao hao waliochomwa Namugongo Juni 3, 1886. Hebu waweke hao mbele ya mtu anayesema kusoma sana kunaua imani. Walisoma, wakauliza, wakabatizwa, wakafa.

Steere mwenyewe Agano Jipya la Kiswahili lilikamilika kuchapwa 1879, akafa 1882, Biblia nzima ikaja kutoka karibu mwaka 1890, na kabla yake mmisionari Krapf alianza kazi ya lugha Mombasa 1844, mwaka ule ule aliomzika mkewe na mtoto mchanga hapo hapo. Hii Union Version tunayoibeba kwenda ibadani ilikamilika 1952 baada ya watu wa kiunguja na wa kimvita kubishana juu ya maneno kwa miaka na miaka. Kila mstari unaoufungua umepita kwenye vichwa vya watu waliokesha wakiuliza "neno hili kwa Kiswahili ni lipi hasa?" Kiongozi anayesema akili haina nafasi ameshika mkononi kazi ya akili ya zaidi ya miaka mia moja.

Sasa kaka yako. Kwenye hili naomba nikusimulie mtu. Augustino, mwafrika wa kaskazini, alizaliwa 354 sehemu ambayo leo ni Algeria. Mama yake Monika mkristo, analia usiku na mchana kama mama yako, maana kijana alikuwa kaingia dhehebu la Wamanikayo na alikaa nao karibu miaka tisa. Alikuwa na maswali mengi na wenzake walimwambia subiri, atakuja mwalimu wetu mkubwa Fausto, yeye atakujibu yote. Fausto akaja Karthago. Mwongeaji hasa, maneno matamu, watu wanampenda. Augustino akamuuliza maswali yake na Fausto akakiri kwamba hajui. Augustino anasimulia kwamba alimheshimu kwa ule unyofu, lakini kuanzia hapo hamu yake na dhehebu lile ikafa. Baadaye akaenda Milano akamkuta Askofu Ambrosi, mwanzoni akawa anakwenda kanisani kusikiliza ufasaha tu, lakini Ambrosi alikuwa anafafanua maandiko, anafungua zile sehemu za Agano la Kale ambazo Augustino alidhani haziwezi kutetewa, na polepole kuta zikaanguka. Alibatizwa Pasaka ya mwaka 387. Machozi ya Monika yalikuwa na kazi yake, siyadharau hata kidogo, lakini Mungu alimtumia pia mtu aliyekaa akajiandaa kujibu.

Simjui kaka yako, siwezi kusema kwa hakika kilichomtoa. Ila vijana wengi waliopita mikononi mwangu wakiwa mlangoni kutoka, hawakutolewa na swali. Walitolewa na jinsi walivyojibiwa siku walipouliza. Mtu akiuliza akaambiwa una pepo, anajifunza kitu kimoja, kwamba hawa hawana jibu na wanaogopa. Halafu anafika chuo anakutana na mhadhiri asiyeamini anayemkaribisha aulize chochote, unadhani ataenda wapi? Kwahiyo hiyo hofu yako ya kuwa kama yeye, naielewa, lakini naona umeielekeza kusiko. Kuuliza si ujinga, wahenga walishasema. Cha kuogopa ni swali linalokaa ndani miaka kumi bila kupata pa kutokea.

Wagonjwa wako. Hapa uwe na msimamo kabisa, na uwe nao kama mkristo, sio kama muuguzi aliyeuacha ukristo getini. Hezekia aliomba akilia, Mungu akasema nimesikia maombi yako, halafu Isaya akaagiza watwae mkate wa tini wauweke juu ya jipu. Maombi na dawa kwenye sura moja, Isaya 38. Luka anaitwa tabibu mpendwa na hakuna popote Paulo alipomwambia aache fani. Na mgonjwa akikuambia nimeombewa nimepona sitaki tena ARV au dawa za kifua kikuu, usimcheke wala usimbishie Mungu. Mkumbushe Yesu alivyowatendea wakoma, aliwaambia enendeni mkajionyeshe kwa makuhani, na makuhani ndio waliokuwa na kazi ya kukagua na kutangaza fulani ni safi. Yesu mwenyewe aliagiza uponyaji wake ukapimwe! Mwambie mama, kama Bwana amekuponya sifa zake zitathibitika kwenye vipimo, wewe endelea na dozi mpaka daktari akuambie acha. Nimeona maneno hayo yakirudisha watu kliniki ambao kukaripiwa hakukuwarudisha.

Mpaka uko wapi, uliniuliza. Upo, nami sitaki uondoke hapa ukidhani akili ni kila kitu. Ayubu hakupewa sababu, alipewa Mungu mwenyewe. Mama aliyefiwa na mtoto wodini kwako saa nane usiku hahitaji hoja zako, mshike mkono, kaa naye. Thoma wa Akwino aliyeandika theolojia kuliko karibu mtu mwingine yeyote, mwezi Desemba 1273 akiwa kwenye misa alipata kitu ambacho baada yake hakuandika tena, akasema yote aliyoandika yanaonekana kama majani makavu ukilinganisha na alichoonyeshwa, na miezi michache mbele akafa. Lakini ona, alifika hapo kwa kupitia miaka mingi ya kufikiri, hakufika kwa kuiruka. Akili ina mahali inainama, na inainama vizuri zaidi ikiwa imetembea mpaka pale kwa miguu yake. Na ukiona maswali yako yameanza kukufanya uwadharau wanaoamini bila kuuliza, yule bibi anayeomba alfajiri ambaye hajui hata Mathayo ni wa ngapi, hapo simama, maana ujuzi huleta majivuno bali upendo hujenga, na huo mstari wa 1 Wakorintho 8 ni wa kweli, na sisi wasomi ndio unaotuhusu.

Cha kufanya wiki hii. Soma Mathayo 27 na Matendo 1 taratibu, kwa Union Version halafu kwa Habari Njema, andika kwenye daftari unachokiona kabla hujafungua maelezo ya mtu yeyote hata haya yangu. Jumatano usirudi kubishana, mtafute kiongozi akiwa peke yake, mwambie kwa upole kaka, swali lile nililiuliza kwasababu naipenda Biblia, naomba tulisome wote siku moja. Inawezekana hakujibu kwa ubaya, inawezekana na yeye alishawahi kuuliza akapigwa kimya. Akikataa tena, kuna wachungaji na wazee wa kanisa wanaopenda kusoma, watafute, huwa hawapigi kelele kwahiyo hawaonekani haraka.

Na kaka yako mpigie simu. Usimhubirie. Muulize swali la kwanza kabisa aliloliuliza kanisani lilikuwa lipi, na aliyemjibu alimwambia nini, halafu msikilize mpaka amalize hata kama atatumia saa nzima. Akilitaja niandikie, tulitafutie jibu wote watatu.